Kupaka Shaba Chini ya Jua la Ufipa

Nyanda za juu za Ufipa zina sifa ya chuma kuliko shaba, kwa kuwa wahunzi wa Kifipa waliyeyusha mawe ya chuma katika malungu, yaani matanuri ya udongo yaliyozidi kimo cha mtu, ilhali shaba ya Katanga, iliyosafirishwa na misafara ya karne ya 19, ilithaminiwa kwa bangili na nyaya za mapambo. Mwenye sinia au pambo la shaba mjini Sumbawanga, Ufipa, leo hukabiliwa na swali jingine, la kitu gani akipake ili wekundu wake usififie.

Shaba hubadilika rangi inapoungana na oksijeni na salfa iliyomo hewani, ikawa kahawia, kisha nyeusi, na penye unyevu na chumvi hufanya kutu ya kijani. Limau na chumvi huing'arisha upesi, lakini chumvi isipooshwa ikaisha huendelea kuila shaba chini ya vanishi. Vivyo hivyo, aliyeishika kwa mkono mtupu kabla ya kupaka huenda baadaye akaona alama ya kidole chake, mistari yote, imejichora kwa rangi ya kahawia isiyoweza kufutika. Ndiyo maana shaba hufutwa kwa spiriti, kisha hushikwa kwa kitambaa safi.

Pwani adui mkubwa ni hewa ya chumvi. Sumbawanga, iliyo takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, adui ni jua, kwani mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, huongezeka kwa takribani asilimia 10 kila mtu apandapo mita 1,000. Vanishi ya mbao, ambayo mafundi wengi huikimbilia kwa kuwa ipo dukani, hugeuka manjano na kupasuka. Poliurethani ni ngumu zaidi, na ugumu huo ndio kasoro yake: ikikwaruzwa, unyevu hupenya na kutambaa chini yake, na kuiondoa ni kazi ya kukwangua pambo lenyewe.

Kwa pambo la nje, lifaalo zaidi ni vanishi ya akriliki yenye benzotriazoli, kemikali inayojishika kwenye uso wa shaba na kuzuia kutu. Incralac, iliyobuniwa miaka ya 1960, ni ya aina hiyo, na huyeyuka kwa tina inapochakaa. Mikono miwili myepesi ya vanishi hushinda mmoja mzito. Kazi hiyo ifanywe kiangazi, umande ukishakauka na mbali na vumbi la upepo, kwa sababu unyevu wa masika huiachia vanishi ukungu mweupe.

Pambo la ndani halihitaji gharama hiyo. Nta ya nyuki, inayopatikana kwa wingi katika misitu ya miombo ya Katavi na Tabora, hupakwa kwa kitambaa na kusuguliwa, ingawa hurudiwa mara kwa mara. Chombo cha chakula kisipakwe vanishi kwa ndani. Huko hutiwa bati, kwa kuwa vyakula vichachu huyeyusha shaba.