Taya kuvimba bila maumivu: Siri ya kifuko kinachokula mfupa

MKAZI wa Kebirigo, Kaunti ya Nyamira, anayeumwa na jino humwendea daktari mbio. Anayevimba taya pasipo maumivu huenda akaendelea kuchuma majanichai msimu baada ya msimu, akingoja uvimbe utoweke wenyewe. Kusubiri huko kwaweza kumgharimu taya.

Ndani ya taya hutokea vifuko vya majimaji vinavyotokana na mabaki ya chembe hai zilizounda meno. Vingi ni vipole. Kimoja, keratosisti, ni kijeuri: hupenya mfupa kwa urefu wake bila kujitokeza nje mapema, na hata kikiondolewa, mara nyingi hurudi. Tabia hiyo imewatatiza wataalamu wenyewe. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikitoa katika orodha ya vifuko na kukiita uvimbe kamili, kisha mwaka 2017 likakirejesha kilikotoka.

Sehemu ya ujeuri huo inahusishwa na uhaba wa oksijeni. Mishipa ya damu imo katika ukuta wa nje wa kifuko. Chembe zilizo ndani ziko mbali nayo. Kwa kawaida chembe hai hutengeneza protini iitwayo HIF-1 alfa na kuivunjavunja baada ya dakika chache, mradi oksijeni ipo. Ikipungua, protini hiyo husalimika, huingia katika kiini cha chembe na kuamsha jeni za kuotesha mishipa mipya ya damu, za kuishi kwa sukari bila hewa, na za kupenya tishu jirani. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, waliofumbua jinsi chembe zinavyohisi oksijeni, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Watafiti, wakiwemo wa Brazil, wameikuta protini hiyo katika keratosisti na katika ameloblastoma, uvimbe mwingine wa taya ambao wapasuaji wa Kenya wanaufahamu vyema. Hata hivyo, kumkuta mtu mahali pa wizi si kuthibitisha kwamba ndiye mwizi, na tiba ingali mikononi mwa mpasuaji.

Tiba hiyo huanza kwa picha ya eksirei na kipande cha uvimbe kupimwa maabarani, kwani kung'oa jino pekee hakukiondoi kifuko. Kikiwa kikubwa, daktari aweza kukitoboa dirisha kwanza ili majimaji yatoke na mfupa uanze kujijenga, kabla ya kukiondoa. Baadaye mgonjwa hurejea kupigwa picha kwa miaka mitano au zaidi, hata kidonda kikiwa kimepona kitambo.