Makanisa ya Kale (2): Kutoka Mlolongo Hadi Rabai

Juma lililopita tulizunguka Nairobi tukaishia All Saints, kanisa ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka wa 1917. Leo twende pwani. Mkazi wa Mlolongo hana kisingizio: stesheni ya SGR iko jirani tu, Syokimau, na akipanda gari moshi la asubuhi, mchana yuko Miritini. Kutoka hapo anapandia Mazeras hadi Rabai.

Ni kweli makanisa ya Roma yana karne nyingi, na haya tunayoyazuru leo hayajafika hata miaka 200. Ila Roma hutamkuta Mkamba katika kisa cha mwanzo.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society, alifika Mombasa mwaka wa 1844. Haikuchukua muda mkewe Rosine akafariki, na mtoto wao mchanga pia. Mwaka wa 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, wakahamia Rabai. Leo pana makumbusho yenye jina la Krapf, na karibu yake Kanisa la Mtakatifu Paulo la miaka ya 1880.

Misafara ya Wakamba waliobeba pembe za ndovu ilikuwa ikiteremka pande hizo, na ndiyo iliyomfungulia Krapf njia ya bara. Mwaka wa 1849 alifika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa wakati huo, na huko, Desemba 3, akauona Mlima Kenya. Alirudi mwaka wa 1851. Safari hiyo Kivoi aliuawa wakielekea mto Tana, naye Krapf akanusurika kwa tundu la sindano.

Vitabu vya shule huishia hapo, kwenye mlima, na hilo hunikera. Wamishonari wale wawili walipata waumini wachache mno. Waliojaza viti vya Rabai walikuja baadaye: watumwa waliokombolewa baharini na manowari za Uingereza, wengine wakalelewa Nasik, India, kisha wakarejeshwa pwani wakiwa mafundi, walimu na wahubiri. Mmoja wao, William Jones, alifuatana na Askofu James Hannington katika safari ya Uganda. Hannington alipouawa Busoga mwaka wa 1885, Jones ndiye aliyewaongoza wapagazi waliosalia kurudi Rabai. Watoro nao walikimbilia misheni, mabwana zao wakawadai, na Januari 1889 kampuni ya Imperial British East Africa ikalipa fidia ili zaidi ya watu 1,400 wawe huru.

Ukishuka Mombasa, pitia Kengeleni, Kisauni. Mnara wa kengele uliopo kando ya barabara ni wa Frere Town, makazi ya waliokombolewa yaliyoanzishwa miaka ya 1870. Husimuliwa kuwa kengele ililia kuwaonya wakazi wavamizi walipokaribia.

Kisha vuka kisiwani ukaone Kanisa Kuu la Ukumbusho, lililowekwa wakfu mwaka wa 1905. Kwa kuba lake na matao yake, mgeni anaweza kudhani ni msikiti. Lilijengwa kumkumbuka Hannington na wenzake. Usiende Jumapili asubuhi kwa ajili ya picha. Waumini wako ibadani.

Juma lijalo: Malindi, na kanisa dogo la Wareno.