Je, Wajua? Wageni Wanaofuata Mvua Rungwe

Tukuyu ni mji wa mwavuli. Pepo zenye unyevu kutoka Ziwa Nyasa hupanda Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 2,960, zikapoa na kumwaga mvua. Miteremko ya kusini-mashariki hupata hadi milimita 3,000 kwa mwaka. Mvua hiyo hustawisha chai na migomba, na huleta ndege pia.

Je, wajua kwamba kumbikumbi ndio wanaowakusanya ndege hao?
Mvua za kwanza zikishalowesha ardhi na radi kutulia, kumbikumbi hufumka kutoka mashimoni kwa maelfu. Watoto hukimbilia na ndoo. Juu yao mbayuwayu, keremkerem na mwewe wako kwenye karamu hiyohiyo. Mtazame mwewe: humnasa kumbikumbi kwa kucha, huupeleka mguu mdomoni na kula akiwa angani, mbawa za kumbikumbi zikidondoka moja moja.

Je, wajua kwamba yupo kozi anayetoka Siberia?
Kozi wa Amur, asiyemzidi njiwa kwa umbo, huzaliana Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China. Hupumzika kaskazini-mashariki mwa India, kisha huvuka Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 3,000 bila kutua, akisukumwa na kaskazi. Hufika Afrika Mashariki kati ya Novemba na Desemba, msimu wenyewe wa kumbikumbi, akielekea kusini mwa bara. Mwaka 2013 watafiti walimfuatilia kwa vifaa vya setilaiti kutoka Nagaland, India.

Je, wajua kwamba teleka wa Ulaya anaweza kukaa angani miezi 10?
Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walithibitisha hilo mwaka 2016. Kati ya msimu mmoja wa kuzaliana na mwingine, hula na kulala akiruka. Ukiona teleka wengi wakipita chini mawingu yakiwa mazito, wanafuata wadudu.

Je, wajua kwamba kuna mbayuwayu anayejenga chini ya ardhi?
Mbayuwayu buluu hukaa Uganda na magharibi mwa Kenya wakati wa kiangazi chetu. Mvua zikikaribia hurudi kuzaliana kwenye nyanda za nyasi kama Kitulo, jirani na Rungwe, hifadhi ya taifa tangu 2005 inayojulikana kama Bustani ya Mungu. Hubandika kiota cha tope na nyasi ndani ya shimo, mara nyingi lililochimbwa na muhanga, na huwinda hata ukungu ukitanda.

Je, wajua kwamba ndege wenyeji nao wana historia?
Wajerumani waliiita Tukuyu Neu Langenburg. Daktari wao wa jeshi, Friedrich Fülleborn, alikusanya ndege wa nyanda hizi mwishoni mwa miaka ya 1890. Mwaka 1900 ndege mmoja wa majanini, mwenye koo la njano na mkufu mweusi kifuani, alipewa jina lake. Huyo hahami, mvua humkuta nyumbani.

Mbayuwayu buluu yumo katika orodha ya dunia ya ndege walio hatarini, kwa sababu nyanda zake za nyasi hulimwa au kupandwa miti ya mbao. Basi ukikuta shimo la muhanga kwenye nyasi za mlimani, usilifukie: huenda mna makinda ndani.