Je, Wajua? Shaha Asiye na Ukuta

Pita Nguvumali jioni, kama mitaa mingine ya Jiji la Tanga, utakuta watu wameinamia drafti ya vizibo vya soda, karata, na kwa waliokula chumvi nyingi, bao. Sataranji haina vibaraza vingi hivyo. Hata hivyo jina la mfalme wake liko vinywani mwa watu wa pwani siku zote, na makosa yanayomwangusha mfalme huyo ni yale yale ambayo mcheza bao huyacheka kwa wengine.

Je, wajua kwamba shaha ni mfalme?

Bingwa wa ushairi huitwa shaha wa malenga. Neno hilo limetoka Uajemi, ambako shah ni mfalme, na katika Kiswahili shaha ndiye pia mfalme wa sataranji. Mchezo wenyewe ulianza India kwa jina la chaturanga, yaani sehemu nne za jeshi: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Ukapita Uajemi, Waarabu wakauita shatranj, nasi tukaupokea.

Kauli inayofunga mchezo, "shah mat", wengi huifasiri "mfalme amekufa". Lakini mat kwa Kiajemi ni mtu aliyekwama, asiye na la kufanya. Maana hii ndiyo inayoafikiana na mchezo, kwa sababu shaha haliwi kamwe. Mchezo husimama pale anapotishiwa na hana pa kukimbilia.

Je, wajua kwamba mchezo unaweza kwisha kwa hatua mbili?

Mweupe anasogeza askari f3 (herufi hutaja safu ya wima ya ubao, namba safu ya mlalo). Mweusi anajibu e5. Mweupe anatuma askari mwingine g4. Malkia mweusi anateleza kimshazari mpaka h4, na basi, mchezo umekwisha.

Hakuna kete hata moja iliyoliwa. Mweupe ana jeshi lake lote, limemweka shaha katikati kama bwana harusi. Tatizo ni wale askari wawili. Wa kwanza aliacha njia wazi kuelekea kwa mfalme. Wa pili angeweza kusimama g3 na kuiziba, lakini alikwisha pita, na askari wa sataranji harudi nyuma. Ndiyo sababu walimu humkataza mwanafunzi kugusa askari wa mbele ya mfalme bila sababu.

Je, wajua kwamba orangutani aliwahi kuupa mwanzo jina?

Mweupe ana hatua 20 za kuchagua anapoanza. Wengi huchagua e4 au d4, wapate kuishika katikati ya ubao. Wengine hupenda vituko. Henri Grob wa Uswisi alijulikana kwa g4, akaicheza kwa barua na wasomaji wa gazeti. Savielly Tartakower, akiwa kwenye mashindano ya New York mwaka 1924, alitembelea bustani ya wanyama akamwona orangutani aitwaye Susan. Baadaye alifungua mchezo wake na Géza Maróczy kwa b4, na hadi leo mwanzo huo huitwa Orangutani.

Kituko kilichoshangaza zaidi kilitokea Skara, Sweden, mwaka 1980. Anatoly Karpov, bingwa wa dunia wakati huo, alianza kwa e4. Mwingereza Tony Miles akajibu a6, hatua ambayo mtoto anayejifunza angekemewa kwayo. Miles akashinda.

Sasa mbona a6 ilimwangusha bingwa, ilhali g4 ina sifa mbaya? Tazama ubao. Askari wa a6 yuko ukingoni, upande ambao shaha wa Miles hakuuhitaji; baadaye Miles alimpeleka mfalme wake upande wa pili, akamficha. Askari wa g4 ametoka kwenye ukuta ambao shaha hupenda kujificha nyuma yake. Kituko cha mbali na nyumba hukugharimu muda; kituko cha mlangoni hukugharimu mchezo.

Je, wajua kwamba malkia zamani alikuwa waziri mnyonge?

Katika shatranj hapakuwa na malkia. Aliyesimama ubavuni mwa mfalme alikuwa waziri, naye alikwenda hatua moja tu ya mshazari. Mfalme angeweza kukaa katikati bila hofu kubwa, maana adui alifika polepole. Mwishoni mwa karne ya 15, huko Ulaya, kete hiyo ikageuzwa malkia na kupewa mbio za ubao mzima. Tangu hapo mfalme hana usingizi.

Dawa iliyopatikana ni kumtia shaha ngomeni: anasogea hatua mbili kuelekea kete ya ngome, na ngome inamruka na kusimama upande wake wa pili. Ni zamu pekee ambayo mchezaji huhamisha kete zake mbili kwa mpigo. Ina sharti: mfalme awe hajasogea bado. Akisogea mara moja, hata akirudi alikotoka, haki hiyo imepotea.

Je, wajua kwamba mabingwa waliwahi kuitupa haki hiyo kwa makusudi?

Mwezi Machi 2021, katika mashindano ya mtandaoni, Magnus Carlsen na Hikaru Nakamura wote wawili waliwatoa wafalme wao nje katika hatua ya pili. Walicheka, wakarudiarudia hatua zilezile, wakatoka sare. Ulikuwa mzaha wa watu wawili walioelewana. Jaribu peke yako mbele ya mtu asiyecheka, uone.

Je, wajua kwamba ngome peke yake haitoshi?

London, mwaka 1912, George Thomas alicheza na Edward Lasker. Thomas alikwisha mtia mfalme wake ngomeni, g8, lakini walinzi walikuwa wachache. Lasker akamtoa malkia wake sadaka h7. Mfalme akalazimika kumla, kisha akaswagwa tishio baada ya tishio, ubao mzima, mpaka g1, ndani ya safu ya kwanza ya adui. Mati ilikuja hatua ya 18, nayo ilitolewa na mfalme wa Lasker mwenyewe aliposogea kando na kuifungulia njia ngome yake.

Je, wajua kwamba bao nalo lina nyumba ya kulindwa?

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete sita katika nyumba, lile shimo la mraba la safu ya mbele, mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi za kunamua, yaani kuzitia ubaoni moja moja. Mkono wake ukiishia nyumbani baada ya kula, anaweza kulala, yaani kuishia hapo, au akasafiri: aizoe nyumba yote na kuimwaga mbele.

Hapo ndipo mjuzi anapotofautiana na mwenye pupa. Ukisafiri mapema, akiba imekwenda. Ukilala bila kuangalia shimo linalokukabili, mwenzio ataila nyumba nzima kwa mkupuo. Na anayeishiwa kete safu ya mbele ameshindwa, hata kama safu yake ya nyuma imejaa pomoni. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Je, wajua kwamba Tanga ilishuhudia mwanzo mbaya kuliko wote?

Vita si mchezo, lakini hesabu ya hatua zilizopotea ni ileile. Tarehe 2 Novemba 1914, meli ya kivita ya Waingereza, Fox, ilifika Tanga. Nyuma yake lilikuja jeshi la watu wapatao 8,000 chini ya Jenerali Aitken. Mjini walikuwepo walinzi wachache tu. Badala ya kuingia, nahodha alitoa taarifa kwanza kwamba mapatano ya amani yamevunjwa, kisha muda ukapita kwa hofu ya mabomu ya baharini na kwa kuteremka polepole Ras Kasone.

Muda huo ulimtosha kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, kuleta askari wake kwa reli ya Moshi. Shambulio kubwa lilipokuja tarehe 4, alikuwa na watu kama 1,000 waliojipanga. Risasi zikavuruga mizinga ya nyuki, nao wakauma pande zote mbili. Tarehe 5 Waingereza walipanda meli, wakiwa wamepoteza zaidi ya watu 800 kwa vifo na majeraha.

Bunduki za rashasha na masanduku ya risasi waliyaacha ufukweni, na Wajerumani wakaja kuyaokota. Nguvu walikuja nayo. Mali wakaiacha Tanga.