Chivoti yahitaji mwanafunzi, si mpulizaji tu

CHIVOTI ni filimbi ya mwanzi ya Wadigo wa Kwale. Hupulizwa ikiwa imelazwa upande kama bansuri ya India, si kuelekezwa mbele kama nzumari.

Filimbi hizo mbili hurithishwa kwa sikio: mwanafunzi husikiliza, huiga, hurudia.

Nchini India, Hariprasad Chaurasia, aliyezaliwa 1938, aliajiriwa na redio ya taifa mnamo 1957. Hata hivyo, baadaye alirudi kuanza upya chini ya mwalimu Annapurna Devi. Ndipo akawa gwiji.

Chivoti nayo haidai zaidi ya subira hiyo. Elimu yake imo masikioni na vidoleni mwa wazee. Vijana wasipoketi nao, kila mzee atazikwa na mahadhi yake.