Ulaghai au deni? Mpaka uliowekwa na sheria

KATIKA kijiji cha Soweto West, mtaani Kibera, chumba cha mabati mara nyingi huuzwa kwa maneno ya mdomo, mbele ya mashahidi na kwa karatasi iliyotiwa sahihi. Hatimiliki haipo, kwa kuwa sehemu kubwa ya ardhi ya Kibera ni mali ya serikali. Biashara kama hiyo inapoharibika, anayehisi kutapeliwa hukimbilia kituo cha polisi akitaka mwenzake afungwe.

Hata hivyo, si kila aliyeshindwa kurudisha pesa ni mhalifu. Mpaka kati ya deni na jinai umewekwa na vifungu vya 312 na 313 vya Sheria ya Adhabu, vinavyohusu kosa la kujipatia pesa au mali kwa njia ya ulaghai.

Kwa mujibu wa kifungu cha 312, ulaghai huo ni kauli ya uongo kuhusu jambo lililopita au lililopo, iwe kwa maneno, maandishi au vitendo, hali msemaji anajua si kweli au haiamini. Upande wa mashtaka sharti uthibitishe pia kwamba mshtakiwa alinuia kulaghai, na kwamba mlalamishi alitoa pesa zake kwa sababu ya uongo huo.

Kwa mfano, anayeuza chumba akidai ni chake, ilhali anajua ni cha mwingine, amejiweka mashakani. Ndivyo alivyo pia anayejifanya afisa na kudai ana nafasi za kugawa katika nyumba za serikali, kama zile 822 zilizokabidhiwa wakazi wa kijiji jirani cha Soweto East mwaka wa 2016.

Lakini fundi aliyepokea pesa akiahidi kujenga chumba mwezi ujao, kisha akashindwa, amevunja mapatano tu. Mahakama ya Rufaa ilishikilia, katika uamuzi ulioripotiwa mwaka wa 1989, kwamba kauli kuhusu jambo la baadaye haiwezi kutegemeza shtaka hili. Kinga hiyo huporomoka iwapo ahadi ilijengwa juu ya uongo wa siku ile ile, mathiribu kudai kwamba tayari mabati yamenunuliwa ilhali hakuna hata moja.

Anayepatikana na hatia anakabiliwa na kifungo kisichozidi miaka mitatu. Hakimu anaweza kutoza faini badala ya kifungo, au kuamuru utumishi kwa jamii chini ya sheria ya mwaka wa 1998. Adhabu ikiisha, rekodi ya hatia hubaki, na huweza kumtatiza anayetafuta cheti cha polisi cha mwenendo mwema ili aajiriwe.

Kabla ya kufika huko, mshukiwa ana haki zake. Kifungu cha 49 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinaagiza aelezwe sababu ya kukamatwa, aruhusiwe kunyamaza na kuwasiliana na wakili, na afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo ukiisha nje ya saa au siku za kazi za korti. Pia anaweza kuachiliwa kwa dhamana, ila pawepo sababu nzito ya kumzuia.

Kwa mlalamishi, funzo ni kuwa kifungo hakirudishi pesa. Mahakama ina uwezo wa kuamuru fidia, lakini njia ya moja kwa moja ni kesi ya madai. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka wa 2021, husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na sheria inaitaka iamue katika siku 60. Kesi hiyo haizuii ile ya jinai kuendelea.

Wapo wanaoelewana pesa zikilipwa. Kufikia hapo, kama shtaka limeshasomwa, mlalamishi hawezi kulifuta peke yake. Lazima mahakama iridhie.

Dawa ya deni ni kulipa, wasemavyo wahenga. Dawa ya ulaghai ni ushahidi: karatasi ya mapatano, ujumbe wa M-Pesa, na mashahidi waliosikia kilichosemwa siku pesa zilipotolewa. Hapo ndipo hakimu atakapoanzia.