Vumbi la Mwezini na Ujirani wa Mataifa

Tarehe 19 Novemba mwaka 1969, wanaanga wawili wa Marekani, Charles Conrad na Alan Bean, walitua Mwezini katika safari ya Apollo 12. Umbali wa mita 160 hivi kutoka hapo kilikuwapo chombo kingine cha Marekani kisicho na watu, Surveyor 3, kilichotua Aprili mwaka 1967. Wanaanga hao walikata kamera na vipande vingine vya chombo hicho, wakavirudisha duniani. Wataalamu walipovichunguza, waliona kwamba upande ulioelekea Apollo 12 ulikuwa umekwanguliwa na kutobolewa vitundu vidogo vidogo. Mharibifu hakuwa mwingine ila vumbi.

Vumbi hilo silo hili tulijualo barabarani. Kwa mabilioni ya miaka vimondo vimeupiga Mwezi na kuisaga miamba yake. Lakini huko hakuna upepo wala mto wa kuzilainisha chembe zake. Kila chembe hubaki na ncha kali mithili ya kigae cha chupa, nayo hung'ang'ania kila inachokigusa. Desemba mwaka 1972, katika safari ya Apollo 17, vumbi hilo lilichakaza mavazi ya wanaanga, na mmoja wao, Harrison Schmitt, alipatwa na mafua baada ya kulivuta chomboni.

Hatari kubwa zaidi hutokea wakati wa kutua. Moshi wa injini hulipeperusha vumbi kwa kasi inayozidi mita 100 kwa sekunde, na kwa kuwa hakuna hewa ya kulizuia, huruka mbali sana kabla ya kuanguka.

Mwaka 1969, aliyerusha vumbi na aliyerushiwa walikuwa taifa moja. Hali hiyo haitadumu. China ilitua upande wa Mwezi usioonekana kutoka duniani Januari mwaka 2019, na India ikatua kusini mwa Mwezi tarehe 23 Agosti mwaka 2023. Marekani na China zote zimetangaza nia ya kupeleka watu karibu na ncha ya kusini, ambako mna barafu ndani ya mashimo yasiyofikiwa na jua. Mahali panapofaa ni pachache, majirani hawataepukana.

Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unatamka kwamba Mwezi hauwezi kumilikiwa na taifa lolote. Unazitaka nchi zijali maslahi ya wenzao, na zishauriane kabla ya kutenda jambo liwezalo kuwadhuru. Hata hivyo, mkataba huo haukutaja vumbi, wala haukuweka umbali wa kutua kutoka kwenye chombo cha mwingine.

Basi, wasikilizaji, pengo hilo litazibwa na nani? Likiachiwa wenye roketi peke yao, desturi watakayoizoea leo ndiyo itakayokuwa sheria kwa watakaofika kesho. Umoja wa Mataifa unayo kamati ya matumizi ya amani ya anga za juu, ambamo nchi ndogo nazo zina sauti. Huko ndiko umbali huo unapaswa kupimwa, kabla vumbi halijatimka.